Nani Abaki na Bunduki Baada ya Mafunzo ya Shabaha?

Kaskazini-mashariki mwa jiji la Mwanza, maji ya ziwa yanapoingia nchi kavu kuelekea Magu na Bunda, kuna ghuba ambayo ramani huiita Ghuba ya Speke. John Hanning Speke alikuwa ofisa wa jeshi la Waingereza huko India na mwindaji asiyechoka. Alifika katika ufukwe huu Agosti 1858, akalipa ziwa jina la malkia wake, ingawa wenyeji walikuwa na majina yao tangu enzi. Watu wengi wa hapa wanalijua hilo tangu shuleni. Kinachosimuliwa mara chache ni namna alivyokufa. Septemba 15, 1864, akiwa na umri wa miaka 37, Speke alikuwa akiwinda kware katika shamba la ndugu zake huko Wiltshire, Uingereza, siku moja kabla ya mdahalo aliotarajiwa kuufanya na Richard Burton, aliyekuwa msafiri mwenzake, kuhusu chanzo cha Mto Nile. Alipokuwa akivuka ukuta mfupi wa mawe, bunduki yake mwenyewe ilifyatuka na kumpenya chini ya kwapa, akafa muda mfupi baadaye. Bunduki ile haikuwa na kizuizi cha usalama. Waliochunguza kifo hicho waliamua kuwa ni ajali, japokuwa wapo walionong'ona vingine, na minong'ono hiyo haijaisha hadi leo.

Tuichukue kama ajali, kwa kuwa ndivyo ilivyoamuliwa. Mtu huyu alikuwa amewinda milimani Himalaya, amepita Unyamwezi na Usukuma, na mkono wake uliizoea bunduki kuliko kalamu. Hakukosa shabaha. Alichokosa siku ile ni tendo dogo la kutoa risasi kabla ya kupanda ukuta, tendo ambalo mwanafunzi yeyote wa usalama wa silaha hufundishwa siku ya kwanza. Ninaanza naye kwa sababu kifo chake kinatenganisha mambo mawili ambayo mijadala yetu huyachanganya, yaani ujuzi wa kulenga na ujuzi wa kukaa salama na kitu kinachoua.

Hapa Mwanza swali la kama Serikali iwafundishe raia kutumia bunduki huibuka kila wavuvi wanapovamiwa usiku ziwani na kunyang'anywa injini na nyavu. Kwenye mialo na vijiwe vya kahawa, mmoja atasema wavuvi wafundishwe silaha ili wajilinde, mwingine atajibu kwamba ukiwafundisha watu mia, umewafundisha na majambazi waliomo ndani yao. Wote wawili wana hoja, lakini hawazungumzii jambo moja. Wa kwanza anazungumzia kuwa na bunduki ndani ya mtumbwi, na wa pili anazungumzia ujuzi ulioingia kichwani na usioweza kunyang'anywa tena. Katika maneno "Serikali kusaidia mafunzo ya bunduki kwa raia" zimesokotwa nyuzi tatu: kufundisha kulenga, kufundisha usalama, na kumwezesha mtu kuwa na silaha yake. Nchi mbalimbali zimezisokota nyuzi hizo kwa namna zisizofanana, na tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini mpango unaosifiwa mahali pamoja huonekana wazimu mahali pengine.

Uwanja ulio kando ya ziwa jingine

Mfano unaotajwa zaidi duniani ni wa Marekani, na ili kuuelewa ni lazima kuanzia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865. Vita vilipokwisha, maofisa wa upande wa Kaskazini walibaki na aibu moja: askari wao wengi, hasa vijana wa mijini, walikuwa wakipiga risasi nyingi na kupata kidogo. Mwaka 1871, wawili kati ya maofisa hao, William Church na George Wingate, walianzisha jijini New York chama cha kuendeleza shabaha, ambacho ndicho chama cha NRA kinachojulikana leo kwa siasa zake. Wazo lenyewe walilichukua Uingereza, ambako chama chenye jina kama hilo kilianzishwa mwaka 1859. Mashindano yake ya kwanza, ya mwaka 1860, yalifunguliwa na Malkia Victoria, yuleyule wa ziwa letu, kwa kuvuta kamba iliyofungwa kwenye bunduki iliyokwisha kulengwa na wengine. Shabaha ya malkia, kama inavyotarajiwa, haikukosa.

Mwaka 1903 Bunge la Marekani liliunda Bodi ya Taifa ya Kuendeleza Mazoezi ya Bunduki, chini ya Wizara ya Vita. Rais alikuwa Theodore Roosevelt na waziri alikuwa Elihu Root, na hoja yao ilikuwa rahisi kueleweka. Marekani ya wakati ule ilikuwa na jeshi dogo la kudumu. Ikitokea vita kubwa, jeshi lingejazwa na raia, na raia aliyekwisha kujua kulenga angepunguza wiki kadhaa za mafunzo kambini. Kwa hiyo fedha za umma hazikutolewa kwa ajili ya burudani ya wawindaji, wala kwa ajili ya mtu kulinda nyumba yake. Zilitolewa kama akiba ya vita. Ukilisahau hilo, kila kilichofuata hakieleweki.

Mashindano ya kwanza ya taifa yalifanyika mwaka huohuo wa 1903 huko Sea Girt, New Jersey, na mwaka 1907 yakahamia Camp Perry, katika jimbo la Ohio, kwenye ufukwe wa Ziwa Erie. Picha ya uwanja ule mtu wa Mwanza anaweza kuielewa upesi kuliko mtu wa Dodoma. Wapigaji hulala kifudifudi wakielekea ziwani, mbele yao kuna mabango ya shabaha, nyuma ya mabango kuna tuta, na nyuma ya tuta kuna maji. Risasi ya bunduki ya kivita huweza kusafiri zaidi ya kilomita 3, na ikigusa maji kwa pembe ndogo haizami, bali huruka kama kijiwe bapa ambacho watoto hukirusha ziwani. Ndiyo maana sehemu ya Ziwa Erie iliyo mbele ya uwanja huo imetangazwa kisheria kuwa eneo la hatari, na mashua huzuiwa kuingia wakati wa mazoezi.

Taratibu nyingine ziliongezeka hatua kwa hatua. Sheria ya mwaka 1905 iliruhusu jeshi kuviuzia vilabu vya raia bunduki zilizozidi mahitaji pamoja na risasi. Mwaka 1916 ikaanzishwa ofisi kamili ndani ya jeshi, yenye mkurugenzi wa shabaha za raia, na viwanja vya jeshi vikafunguliwa kwa wananchi. Mwaka 1918 shule ya kufundisha silaha ndogo ikaanza Camp Perry, na bado ipo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, bunduki iliyokuja kuwa sura ya mpango mzima ni M1 Garand, iliyobuniwa na John Garand na kupokewa na jeshi mwaka 1936. Zilitengenezwa zaidi ya milioni tano, hivyo vita vilipopita zilikuwa zimejaa maghalani. Raia aliyetimiza masharti aliweza kuinunua kwa bei ndogo kutoka kwa serikali yake mwenyewe. John F. Kennedy alinunua moja kwa njia hiyo mwaka 1959, akiwa bado seneta.

Niseme kidogo kuhusu bunduki hii, kwa kuwa inafundisha jambo. Garand ina uzito wa zaidi ya kilo 4 na hubeba risasi 8, zilizobanwa pamoja ndani ya kishikizo cha chuma ambacho mpigaji hukisukuma kwa dole gumba kutoka juu. Kishikizo kikifika chini, kifunga chemba hufyatuka mbele kwa nguvu ya springi, na kama dole halijaondoka, hubanwa. Jeraha hilo ni la kawaida kiasi kwamba Wamarekani wamelipa jina, "dole la Garand". Hakuna kitabu kinachomzuia mtu kuumia hivyo. Kinachomzuia ni mwalimu aliyesimama kando yake, anayemwonyesha jinsi ya kuizuia ile sehemu kwa ubapa wa kiganja, kisha anamwagiza arudie mara kumi bila risasi. Hapo ndipo mafunzo ya usalama yanapojitenga na mahubiri.

Hata hivyo, uzi wa umiliki uliosokotwa na uzi wa mafunzo ulianza kuleta matatizo. Kwa miaka mingi, raia aliyetaka kununua bunduki hizo alilazimika kwanza kuwa mwanachama wa NRA, chama binafsi ambacho kufikia miaka ya sabini kilikuwa kimeingia waziwazi katika siasa za kupinga udhibiti wa silaha. Katika kesi ya Gavett dhidi ya Alexander, mwaka 1979, mahakama ya shirikisho mjini Washington ilisema sharti hilo ni kinyume cha katiba. Serikali ilikuwa ikimtaka raia alipe ada kwa kundi la siasa ili apate kitu cha umma, na jambo hilo halikubaliki hata kama kitu chenyewe ni bunduki kuukuu.

Swali kubwa zaidi lilikuwa kama mpango unafanya kazi uliyoundiwa. Utafiti wa kampuni ya Arthur D. Little, uliotolewa mwaka 1966 kwa maombi ya jeshi, ulisema ndiyo, askari aliyewahi kufundishwa shabaha akiwa raia huwa bora zaidi. Mwaka 1990 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ikaja na jibu jingine, kwamba mpango huo una thamani ndogo kwa jeshi. Kwa maoni yangu majibu haya mawili hayapingani sana kama yanavyoonekana. La kwanza linamhusu mtu mmoja na ustadi wake, la pili linahusu taifa lenye jeshi kubwa la kudumu, ambalo halitegemei tena wakulima walioacha majembe wiki iliyopita. Sababu ya mwaka 1903 ilikuwa imekufa, lakini ofisi yake ilikuwa bado inapokea mshahara.

Bunge lilipata njia ya katikati mwaka 1996. Mpango uliondolewa jeshini na kukabidhiwa kwa Shirika la Kuendeleza Mazoezi ya Bunduki na Usalama wa Silaha, ambalo ni la kisheria lakini si idara ya serikali, na watu huliita kwa ufupi CMP. Tazama kwamba neno "usalama" sasa limeingia ndani ya jina. Sheria inalitaka shirika hilo litangulize shughuli zinazowafaa vijana, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yake ni bunduki za upepo, zinazopigwa ndani ya ukumbi kwa umbali wa mita 10. Ruzuku ya kila mwaka ilisimama, na shirika likaachwa lijiendeshe kwa kuuza bunduki za zamani za jeshi. Wapinzani hawakuridhika. Seneta Frank Lautenberg alilalamika kwamba serikali ilikuwa imelipa shirika hilo mahari: zaidi ya bunduki 176,000, mamilioni ya risasi, vifaa na fedha taslimu, vyote kwa pamoja vikiwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 70. Neno mahari ni langu, si lake. Lakini hoja yake ni ya kweli: msaada wa serikali haukukoma, ulibadilika kutoka bajeti ya kila mwaka na kuwa urithi unaouzwa kidogo kidogo.

Anayenunua leo lazima awe raia wa Marekani, mtu mzima, mwanachama wa klabu inayotambuliwa, awe na ushahidi wa kushiriki mazoezi ya shabaha, na apite uchunguzi wa rekodi za uhalifu. Masharti haya ni makali kuliko ya maduka mengi ya bunduki nchini humo. Ndiyo maana watetezi wa shirika husema silaha zake hazionekani sana katika uhalifu, na wapinzani hujibu kwamba hata hivyo si kazi ya serikali kuongeza bunduki mitaani. Mtu anaweza kukubaliana na wote wawili bila kujipinga.

Uswisi tuipitie haraka, kwa kuwa inatajwa sana na kueleweka kidogo. Askari wa akiba wa nchi ile huweka bunduki ya jeshi nyumbani kwake, na anapaswa kwenda uwanjani kupiga zoezi la lazima la risasi 20 kwa umbali wa mita 300, risasi zikigharimiwa na serikali. Lakini mwaka 2007 iliamuliwa risasi zisikae tena majumbani, zibaki maghalani. Mwaka 2011 wananchi walipiga kura kuhusu kuzirudisha bunduki zenyewe maghalani, na asilimia 56.3 wakakataa. Huko bunduki hulala kwa askari na risasi hulala kwa serikali.

Mgambo, na bunduki inayorudi ghalani

Sasa turudi nyumbani, ambako watu wengi hudhani hatujawahi kuwa na mpango wa namna hii. Tunao, na una zaidi ya nusu karne. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulitolewa wiki chache tu baada ya Idi Amin kuipindua serikali ya Uganda, na miezi michache baada ya Wareno kuivamia Guinea. Ulisisitiza kwamba ulinzi wa nchi ni kazi ya wananchi wenyewe, na mafunzo ya mgambo yakaenezwa vijijini na kazini. Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwa limekwisha kuanzishwa Julai 1963 kwa ajili ya vijana. Hoja ilikuwa ileile ya Roosevelt: jeshi dogo, mipaka mirefu, wananchi wawe akiba. Jibu kuhusu umiliki ndilo lililokuwa tofauti kabisa.

Baba yangu mdogo alipitia mgambo upande wa Sengerema katika miaka hiyo. Nilimwuliza siku moja, tukiwa tumekaa chini ya mwembe wake.

"Shikamoo, baba mdogo. Hivi mgambo mlipiga risasi ngapi?"

"Marahaba. Chache, mwanangu. Wiki nyingi tulikimbia na bunduki za mbao. Tulipopewa za kweli, kila mtu alihesabiwa risasi zake, na tukimaliza kupiga tunatambaa kwenye nyasi kuokota maganda. Ganda moja likikosekana, hakuna kula."

"Na bunduki?"

"Bunduki inarudi ghalani. Ghala lina kitabu, na kitabu kina namba. Wewe unarudi nyumbani na kwata yako."

Katika maneno hayo mpango wetu wote umeelezwa. Serikali ilimpa raia uzi wa kwanza, ujuzi, na ikabaki na uzi wa tatu mkononi mwake. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalipovuka na kuiteka sehemu ya Kagera, maelfu ya mgambo waliingizwa vitani pamoja na jeshi, na ndipo maghala yalipofunguliwa. Mwanza yenyewe iliguswa mwishoni mwa Machi 1979, wakati ndege ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilipojaribu kuupiga mji. Mabomu yalikosa mji, yakaangukia Kisiwa cha Saanane na kuua swala waliokuwa kwenye hifadhi. Baba mdogo huwa anasema, kwa uchungu uliochanganyika na kicheko, kwamba rubani yule angefaidika na miezi michache ya mgambo.

Mafunzo hayo bado yapo, siku hizi yakiitwa rasmi ya jeshi la akiba, chini ya mshauri wa mgambo wa wilaya. Vijana wa kata hukusanyika kwa miezi kadhaa kwenye uwanja wa shule au pori la karibu, wakifundishwa kwata, usomaji wa ramani, ujanja wa porini, huduma ya kwanza, sheria kidogo, na silaha ndogondogo. Siku ya kulenga shabaha huja mwishoni. Hata sungusungu, walioibuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya themanini na kupewa nguvu ya kisheria mwaka 1989, walijulikana kwa upinde na mishale, si bunduki. Wananchi walijipanga kulinda ng'ombe wao, Serikali ikawatambua, lakini haikuwagawia mtutu.

Majirani zetu walichagua njia nyingine. Kenya ina askari wa akiba wa polisi, ambao ni raia wa vijijini, hasa maeneo ya wafugaji, wanaokabidhiwa bunduki za serikali na kukaa nazo. Uganda imekuwa na vikosi vya ulinzi vya mitaa, na mafunzo ya chaka-mchaka kwa raia. Ubaya wa njia ya Kenya umejadiliwa sana nchini humo kwenyewe: bunduki iliyotolewa kulinda mifugo ya kijiji kimoja huweza kuonekana na kijiji jirani kama silaha ya uchokozi. Ukanda mzima ulishaona tatizo hilo, ndiyo maana Azimio la Nairobi la mwaka 2000 na Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 ziliwekwa sahihi na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika ili kudhibiti silaha ndogo.

Kwa raia wa Tanzania anayetaka bunduki yake mwenyewe, njia ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Maombi huanzia katika serikali ya mtaa au kijiji, ambako watu wanamjua mwombaji na hasira zake, kisha hupanda kupitia kamati za ulinzi na usalama hadi polisi. Silaha lazima iandikishwe na kutunzwa mahali salama. Kwa waliokuwa nazo kinyemela, Serikali ilitangaza mwaka 2022 kipindi cha msamaha, ili wazisalimishe polisi au kwa viongozi wa mitaa bila kushtakiwa. Zilizokuwa zikisubiriwa hasa ni magobore, zile bunduki za kienyeji za kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu, ambazo hutengenezwa na mafundi wa vijijini kwa bomba la chuma, na ambazo mara nyingine humlipukia mpigaji kabla hazijamfikia mnyama.

Uzi uliosahaulika

Nimeeleza uzi wa kwanza na wa tatu. Katika mfumo wetu uzi wa pili, wa usalama, ndio mwembamba zaidi, kwa sababu tumeuhesabu kama sehemu ya ule wa kwanza. Tunadhani aliyefundishwa kulenga amefundishwa usalama, na Speke angeweza kutuambia vinginevyo.

Usalama wa silaha una kanuni chache, na ugumu wake si katika kuzielewa bali katika kuzirudia hadi mwili uzijue wenyewe. Kila bunduki ichukuliwe kuwa ina risasi hadi chemba ifunguliwe na kutazamwa kwa macho. Mtutu usielekezwe kwa kitu usichokusudia kukipiga, hata kwa utani. Kidole kikae nje ya triga hadi macho yawe tayari kwenye shabaha. Mpigaji ajue kilichopo nyuma ya shabaha yake, na huku kwetu kilichopo nyuma mara nyingi ni maji, na juu ya maji kuna mtumbwi wa mtu anayetega sangara. Kwenye viwanja vya kisasa huongezwa utaratibu mmoja mzuri: kipande cha plastiki chenye rangi kali huingizwa ndani ya chemba iliyo wazi, ili mtu aliye mbali aone bila kuuliza kwamba bunduki ni tupu. Hakuna anayeruhusiwa kugusa silaha wakati kuna mtu mbele ya mstari, na yeyote, hata mtoto, akiona hatari anaweza kupaza sauti ya kusimamisha zoezi, na zoezi likasimama.

Jambo hilo la mwisho ndilo gumu zaidi kwetu. Katika mafunzo ya kijeshi amri hutoka juu kwenda chini. Katika mafunzo ya usalama wa raia, amri ya kusimamisha inaweza kutoka popote. Mgambo hufundishwa kutii, na hilo ni sawa kwa askari, lakini mwenye leseni anayeishi na watoto wanne Buswelu hana kamanda wa kumwambia afunge kabati. Anahitaji mafunzo ya aina nyingine, mafupi, ya kurudiwa, yanayohusu kufuli, funguo, risasi kutunzwa mbali na bunduki, na nini cha kumwambia mtoto anayekuta gobore la babu darini.

Tena, si kwamba uwezo wa kufundisha haupo. Hapa Mwanza kwenyewe tuna chuo cha taaluma ya wanyamapori cha Pasiansi, kilichoanza mwaka 1966, ambacho huandaa askari wa hifadhi, watu wanaotembea na silaha porini kila siku na wanaojua kwa nini mtutu huelekezwa chini wakati wa kupanda gari. Kuna polisi, kuna washauri wa mgambo wa wilaya. Kinachokosekana ni uamuzi wa kuyatenga mafunzo ya usalama na suala la umiliki, ili mtu aweze kuyaunga mkono bila kuonekana anataka nchi ijae bunduki. Nadhani hapa ndipo mjadala wetu unapokwama. Anayeogopa silaha anakataa mafunzo yote kwa sababu anayaona kama mlango wa umiliki, na anayetaka silaha anadai mafunzo yote kwa sababu hiyohiyo. Wamarekani, kwa kuuza bunduki na kufundisha chini ya paa moja kwa zaidi ya karne, wamefanya iwe vigumu kwao kuzitenganisha nyuzi hizo. Sisi, ambao bunduki zetu za mafunzo zilirudi ghalani, hatuna fundo hilo la kufungua.

Kundi linalonisumbua zaidi si wavuvi wala wenye leseni. Ni walinzi. Wahitimu wengi wa mgambo huishia kwenye kampuni za ulinzi, na huko hukabidhiwa bunduki za marisau mbele ya maduka na ofisi zenye watu wengi. Wiki chache zilizopita nilikuwa kwenye foleni mahali pa kutolea fedha, katikati ya jiji. Mlinzi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, bunduki imelala mapajani, mtutu ukitazama sawasawa viuno vya watu tuliosimama. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa akisogea upande kila foleni ilipomfikisha mbele ya ule mdomo, kisha anarudi kwenye mstari, bila kusema neno, kama mtu anayekwepa dimbwi.

Zamu yangu ilipokwisha nilimwamkia mlinzi na kumwuliza kama bunduki ina risasi. Akasema inayo, ya nini kukaa nayo tupu. Nikamwuliza alifundishwa wapi. Mgambo, akasema, mwaka 2016, na akaongeza kwa fahari kwamba siku ya shabaha alipata nne katika tano. Kampuni ilipomwajiri ilimpa sare, buti na zamu ya usiku. Nikamwuliza kama tangu siku ile ya shabaha amewahi kufundishwa tena, au hata kuifyatua.

"Hapana, kaka," akasema. "Namshukuru Mungu haijawahi kuhitajika."

Kisha, labda kwa sababu ya jinsi nilivyokuwa nikiutazama, akaunyanyua mtutu kutoka kwenye viuno vya watu na kuuelekeza juu, kwenye dari ya ghorofa ambayo juu yake, nilivyokuwa nikisikia, mafundi cherehani walikuwa wakiendelea kushona.